Parseli ya Mama Nsimire Chini ya Lava

Siku ya kwanza ya kazi nilifika kwenye ofisi ya kartie, mutaa wetu, na koti ya kuazima. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, shule ya musingi sikumaliza, lakini avenue yetu ya Birere ilinichagua mimi kuwa shefu wake. Walimu wawili walitaka kile kiti. Niliwashinda wote. Shefu wa kartie, muzee mwenye sauti ya mahubiri, aliniangalia toka juu mpaka chini.

"Mutoto, unajua kusoma?"

"Kidogo, Papa shefu. Lakini najua nani anaishi wapi."

"Basi kazi unaijua."

Ninyi vijana munafikiri shefu ni mutu wa kupiga kashe, ule muhuri wa ofisi. Hapana. Kazi ni mipaka. Volkano iliposhuka, lava ilifunika nyumba, miyenzi ya uzio, hata borne, yale mawe yanayoonyesha parseli, kiwanja cha mutu, inaishia wapi. Ilipopoa, kila mutu alirudi na kamba ya kupimia, na kila kamba ilikuwa imekua. Papa shefu akanifundisha dawa: ita majirani wanne wa zamani, kila mumoja asimame kwenye pembe anayokumbuka, bila kusemezana.

"Jiwe linafunikwa," alisema. "Mutu ana haya."

Nilipima hivyo parseli nyingi, na hakuna hata moja iliyofika tribinali mbele ya jaji. Waulizeni.

Kisha akaja Mama Nsimire, mujane wa upande wa Bukavu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Parseli yake ilipakana na yangu. Mimi nilikuwa nimekwisha kujenga, wa kwanza kwenye avenue, mbao mupya, bati zinawaka. Nikaita majirani wanne, Papa shefu akaja kuangalia. Watatu wakasimama vizuri. Wa nne, Papa Kasereka, fundi wa viatu, akatembea pole pole, akaingia mulango wangu, akasimama ndani ya chumba changu cha kulala.

"Papa Kasereka, umepotea?"

"Hapa, shefu. Hapa ndipo alikuwa anaanika sambaza. Pua yangu haijasahau."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Nsimire hakucheka. Bila kile kipande, hakuwa na nafasi ya kujengea watoto wake hata chumba kimoja.

"Mufukuze huyo muzee," muke wangu akaninong'oneza. Kashe ilikuwa mufukoni mwangu; ningeandika nilivyotaka. Nikamutazama Papa shefu. Akageuka kuangalia barabara, kama vile hayuko. Alikuwa mutu mukubwa yule: aliniachia nichague mwenyewe.

"Leteni nyundo," nikasema. Ubao wa kwanza niliung'oa mimi.

Toka pale nilipanda: musaidizi wa kartie, shefu wa kartie, kisha komini, ngazi ya juu ya kartie, nikikaa na watu wa diploma kubwa kubwa. Mambo ya mipaka waliniuliza mimi.

Sasa nimepumzika. Chumba kilibaki chembamba, kitanda kinagusa kuta mbili, na muke wangu hajanisamehe.

"Shefu muzima, unashukia miguuni mwa kitanda kama mutoto!"

Ni kweli, ninashukia miguuni. Lakini ule ukuta, hakuna mutu atakayekuja kuniambia niusogeze.