Bunduki Zilizopinda

Sijui nitaangaliana vipi na majirani zangu wa Mwembesongo, ila bora niseme mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia.

Nilimpeleka mama mkwe, mkulima wa karoti kule juu Uluguru, kwenye maonyesho ya wakulima. Kulikuwa na mabanda mawili ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Kwenye la kwanza nilikosa risasi zote tano. Nikamweleza kwa sauti ya mtaalamu: "Mama, bunduki za hapa zimepinda. Twende banda lile, wana za maana."

Kule tukafyatua pamoja, kila mtu na karatasi yake. Karatasi zilipoletwa, nikadaka ile yenye matundu matano katikati kabisa. Nikaipunga, nikaruka, nikamkumbatia mama mkwe mbele za watu, heshima yote ya ukwe nikaisahau.

Mwenye banda akanigusa bega. "Kaka, hiyo ni ya mama. Yako hii hapa."

Ilikuwa nyeupe, haina hata tundu.

Mama mkwe, ambaye ngedere wa shambani kwake wanamjua vizuri kwa manati yake, akajifunga kitenge upya, akaniuliza kwa upole:

"Mkwe wangu, na hizi nazo zimepinda?"