Sarafu Ndani ya Kikombe

Sisi wa Trøndelag gongo twaiita heimbrent, yaani iliyochomwa nyumbani, maana kwa babu zetu kupika pombe kali kulikuwa kuichoma. Anayetupikia ni jirani yangu, mwenye vidole vya makovu ya moto. Gongo mpya huionja peke yake, kwani mbaya hupofusha. Kesho yake ndipo hunialika. Huweka sarafu kikombeni, humimina kahawa mpaka ipotee, kisha gongo mpaka ionekane tena. Leo asubuhi mimi, bingwa wa kunywa, nilimnyang'anya chupa nikatangulia kumaliza changu. "Mlafi wewe, Oddvar!" akacheka, akajimiminia chake. Sarafu ikang'aa. Akaendelea kumimina. Gongo ikafurika mezani, ikamlowesha vidole. "Jirani," akaninong'oneza, "mbona haionekani?"