Futari ya Bi Mize

Nadhira alikuwa mshauri nasaha katika kituo kidogo cha afya nje ya Wete, na moyo wake ulikuwa laini kama andazi la asubuhi. Hilo ndilo lililomponza.

Bi Mize alipofiwa na bintiye, Yumna, aligoma kula. Nduguze wakamleta kituoni amebaki mifupa. Nadhira akambembeleza siku nyingi, hakuambulia neno. Mwisho mama yule akafungua kinywa: "Ntakula, lakini sili pekeangu. Njoo kwangu tule sinia moja."

Mkuu wa kituo akamkataza, mshauri hafanyi hivyo. Nadhira akenda. Bi Mize akala, na yeye akajiona bingwa. Akaombwa ajifunge kanga ya marehemu, akajifunga. Akaitwa Yumna, akaitika. Kila mchana yuko kule, na mamaake mzazi, Bi Ummi, anakula peke yake nyumbani. Watu wakamsifu sana. Mimi nasema alikuwa mpumbavu, na sifa zilimnogea.

Ramadhani ilipoandama, Bi Ummi akamwambia, "Leo futuru na mie, mwanangu. Nishachoka kula na kuta."

Nadhira akaahidi. Jioni akapita kwa Bi Mize kuyamaliza. Akaivua ile kanga, akaikunja.

"Bi Mize, mie si Yumna."

"N'najua," akajibu Bi Mize, huku akipakua muhogo wa nazi. "Yumna nlimuosha kwa mikono yangu. Kwani mie nna wazimu?"

"Basi kwa nini?"

"Siku ya hitima ya Yumna mamaako alikaa mbele yangu, kakuweka ubavuni, anakumegea nyama. Kaburi la mwanangu bado bichi! Nikasema, mama huyu naye atakula pekeake, aonje."

Nadhira akasimama. Simu ikalia, ni mamaake. Bi Mize akalisukuma sinia kando.

"Nenda. Na mie sili tena. Nikifa, watauliza nani alonizoesha kula naye, kisha akaniacha."

Nadhira alimchukia mama yule, akamchukia mpaka machozi yakamtoka. Lakini alijua kwamba hatanii, maana alishamwona akijiua kwa njaa. Adhana ya Magharibi ikaanza. Simu ikalia tena.

"Haya, nawa," akasema Bi Mize. "Leo kutwa nimefunga."

Nadhira akaizima simu, akanawa.