Nilifundisha habari za VVU miaka kumi na moja, siku nilipopimwa nikasahau kila kitu

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, si "rafiki yangu mmoja". Nimebadilisha vitu vidogo tu, maana wanafunzi wangu wengi wako humu.

Mimi ni mwalimu wa Biology, sekondari moja ya Muleba, nyumbani ni Buganguzi. Mhaya halisi, nshomile, yaani msomi wa kujua kila kitu. Miaka kumi na moja nimekuwa mlezi wa klabu ya afya. Nikieleza VVU, hata mkuu wa shule anaandika notes.

Mwaka juzi nikatokwa na malengelenge upande mmoja wa mbavu. Yanaunguza kama moto. Nikajipa diagnosis: mdudu wa kwenye migomba.

Dada wa duka la dawa akaniangalia, akasema, "Ticha, huu ni mkanda wa jeshi. Nenda ukapime damu."

Nikamsahihisha. Ndiyo wakuu, nilimsahihisha.

Wiki ya pili maumivu yakaishinda elimu.

Sikupima Muleba, huko kila nesi ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Nikaenda Bukoba mjini na kofia, barakoa na miwani ya jua. Mvua ilikuwa inanyesha. Nadhani siku ile hakuna mtu aliyetazamwa kuliko mimi.

Nikaingia chumba cha kupimia. Nesi akainua macho.

"Shikamoo Ticha!"

Alikuwa Kemi. Nilimfundisha mpaka form four, na niliwahi kumwambia mbele ya darasa kwamba Biology haimpendi.

Akanitoboa kidole. Kipimo cha kwanza, mistari miwili. Akarudia kwa kipimo cha aina nyingine, yale yale. Akaweka kalamu chini.

"Ticha, majibu yanaonesha una maambukizi ya VVU."

Mtaalamu wa miaka kumi na moja nikauliza, "Nimebakiza miezi mingapi?"

"Swali hilo tulikuuliza tukiwa form three. Ulitujibu kwamba anayekunywa dawa vizuri anaishi kama watu wengine."

"Ile ilikuwa topic, Kemi. Huyu ni mimi."

Hakucheka. Akasogeza kiti akanieleza upya. Kuwa na virusi si kuwa na UKIMWI. UKIMWI ni pale kinga inapozidiwa, na ukiwahi dawa unaweza usifike huko kabisa. Watahakiki majibu tena, wataangalia kama nina TB, halafu naanza kidonge kimoja kila siku, hata leo kama niko tayari. Baada ya miezi sita wanapima wingi wa virusi. Vikishuka mpaka kipimo hakivioni, na ukaendelea na dawa, humwambukizi mwenza wako kwa ngono. Kabla ya hapo, kondomu.

"Na mama wa nyumbani kwako naye apime."

Hapo masikio yangu yakajifunga.

Msiniulize nilipata wapi. Semina za walimu zina mambo mengi, na si yote yamo kwenye ratiba.

Nilirudi na dawa, na siku nne nikaishi kama marehemu mtarajiwa. Nikagawa tai zangu. Nikamtembeza mke wangu, Koku, kuzunguka mipaka ya kibanja, mgomba kwa mgomba.

"Kuna mwanamke unataka kuhamia kwake?" akauliza.

Siku ya tano nikamkalisha sebuleni. "Koku, kwa mujibu wa wataalamu, katika mahusiano ya wenza..."

"Unanifundisha au unaniambia?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Kesho yake alikwenda kupima, akakutwa hana. Wakampa dawa kinga na tarehe ya kurudia kipimo. Akafungasha nguo, akaenda kwao Kanazi.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu kubwa.

Mtu alikuwa amemwona Koku kliniki. Zikapita siku mbili tu, Buganguzi nzima inasema mke wa Ticha ana ugonjwa, ndiyo maana amerudishwa kwao. Watu wakaja kunipa pole! Wazee wa kanisa wakaniombea uvumilivu. Mama mmoja akaniletea senene wa kukaanga, "Kula waitu, umepata mtihani."

Na mimi nikawala. Wote.

Siku ya tisa tangu Koku aondoke, akaja kaka yangu mkubwa, msemaji wa ukoo. Nikamwekea chai.

"Tumekaa," akasema. "Yule asirudi hapa. Tutakutafutia mwingine, aliye safi."

Nikalirudia neno hilo kimoyomoyo: "safi". Nikamwona kichwani binti wa watu analetwa kwangu kwa ngoma na vigelegele.

"Kaka, mwenye virusi ni mimi. Koku hana. Niliyetoka nje ya ndoa ni mimi."

Akakisogeza kikombe chake mbali kidogo. Kisha akauliza, kwa umakini kabisa, "Na hiki kikombe?"

"Kunywa kaka, hakiambukizi."

Hakunywa.

Nikamwomba asahihishe habari kule alikoisambaza. Alisahihisha kwa bidii kuliko nilivyotaka. Jumatatu hata mlinzi wa shule alikuwa anajua.

Nikaenda Kanazi. Nilimkuta Koku anaanika kahawa. Hakunipa kiti.

"Nimesikia umesema ukweli," akasema.

"Ndiyo."

"Umechelewa siku tisa."

Alirudi baada ya mwezi, na sharti moja: kliniki tunaenda wote. Nilipofikisha miezi sita kipimo hakikuona virusi. Yeye amerudia kupima, bado hana.

Wakuu, nilichojifunza: majibu si hukumu, anza dawa mapema. Mwambie mwenzako kwa maneno ya kawaida, acha semina. Na usikubali kupewa pole kwa mgongo wa mtu asiye na kosa. Virusi vyangu dawa imeviweza. Zile siku tisa sijui dawa yake.

Asubuhi Koku ananiwekea kidonge na maji mezani. Juzi nikamuuliza kama amenisamehe.

"Kunywa kwanza," akasema.

Waliowahi kumwambia mwenza habari kama hii, ninyi mlianzaje? Wenye matusi pia karibuni, ila mjue kaka yangu amewatangulia.