Mafaili Yaliyoanikwa Juani

Admin, nifichie jina na wilaya yangu, maana hapa ofisini wanaokufuata ni wengi na midomo wanayo.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Nafanya kazi masijala, chumba cha kutunza mafaili, katika ofisi moja ya umma mkoani Dodoma. Kazi hii niliisomea chuoni, sikuiokota.

Kabla sijaenda likizo ya uzazi, bosi alimtoa binti aliyekuwa akitupikia chai, nimwite Nyemo, ili anishikie nafasi. Nilimwambia bosi kwamba sheria inamtaka mwajiri ahakikishe anayeshika kumbukumbu za ofisi amepewa mafunzo, na huyu hajapewa hata ya siku moja. Akacheka. Akaniuliza tangu lini kupanga makaratasi kukahitaji semina, na bajeti yenyewe iko wapi. Nikaondoka na tumbo langu, roho inaniuma.

Nikiwa likizo mvua zikanyesha, bati la masijala likavuja, mafaili ya migogoro ya mashamba yakalowa. Nyemo ni mtoto wa Bahi, kwao mpunga ukilowa unaanikwa. Basi akachomoa karatasi, akazitandaza uani juu ya turubai, akazikandamiza kwa vijiwe. Upepo wa Dodoma mnaujua. Nyingine ziliokotwa barabarani, nyingine hazijaonekana mpaka leo, na zile alizookota alizirudisha alivyoweza, barua ya huyu kwenye faili la yule. Jamani, hakuwa na nia mbaya. Alidhani anaokoa.

Sasa nimesharudi kazini, na kuna mzee ambaye shauri la shamba lake limekwama kwa kukosa vielelezo. Amelalamika ngazi za juu, kamati imeundwa, na Nyemo anashtakiwa kwa uzembe. Anaweza kufukuzwa kazi, na ndiye anayemtunza mama yake mgonjwa. Bosi ameieleza kamati kwamba Nyemo alifundishwa vizuri kabisa, na aliyemfundisha ni mimi.

Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole ambao sijauzoea. Akasema, "Mwanangu, wakikuuliza, sema ulimfundisha kabla ya likizo. Ukisema hapana, wa kuzama ni mimi."

Ningekataa palepale, ila bosi huyu ndiye msimamizi wa ndoa yetu. Yeye na mkewe walisimama nasi kanisani, na mwaka jana nilipofunga virago nikitaka kurudi kwetu Kondoa, ni wao waliokuja kutusuluhisha. Ndoa yangu ipo kwa sababu yao, siwezi kulikana hilo. Mume wangu anasema nikimgeuka bosi nitakuwa sina utu, na kwamba Nyemo atapata tu kazi nyingine ya kupika chai. Lile neno "tu" liliniudhi sana. Tangu hapo tunaongea habari za watoto basi.

Leo mchana Nyemo kanifuata nyumbani nilipokuwa nanyonyesha. Hajui bosi ameniambia nini. Akampokea mtoto, akamcheulisha begani kwake, akaniambia taratibu, "Dada, wameniuliza nani shahidi wangu, nimekutaja wewe. Siku ile unamwambia bosi nifundishwe, mimi ndiye niliyekuwa nawamiminia chai."

Nilishasahau kama alikuwemo mle ndani.

Kamati inakaa kesho asubuhi, na bosi na Nyemo wote watakuwepo. Najua mtasema niseme ukweli, hata mimi ningemwambia mwingine hivyo, lakini mimi ndiye nitakayerudi nyumbani jioni. Naomba msinitukane, nisaidieni mawazo kabla hakujakucha. Wakiniuliza kama Nyemo alifundishwa, nijibu nini, na wakati najibu nimtazame nani?