Doa la Tatu

Nakumbuka mchana mmoja wa wakati wa vita, jua la saa sita limesimama juu ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, na barabarani hakuna hata mbuzi. Tulikuwa tumeshuka milimani majuma machache kabla, mimi na wadogo zangu watatu. Baba na mama hawakushuka. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimeacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikashika jembe, nikawa baba na kujaribu kuwa mama. La kwanza niliweza kidogo. La pili ndilo ninalotaka kukusimulia, mwanangu, ili kosa langu lisiwe lako.

Kwenye ukuta wa duka moja la dawa, ambalo mwenyewe alikimbilia ng'ambo ya ziwa, ilibaki picha kubwa ya tangazo. Msichana amevaa suruali nyeupe, anacheka. Kando yake mkono unamimina maji ya bluu juu ya pedi, zile za wanawake zinazouzwa kwa pakiti. Maneno yalikuwa ya Kifaransa: hakuna atakayejua. Duka lilikuwa limeporwa mpaka mabati, lakini msichana huyo hawakumgusa. Upepo wa ziwa ukiingia nyuma ya karatasi, kifua chake kilipanda na kushuka.

Nilimjua tangu shuleni. Kabla ya vita watu wa biashara hiyo walikuja na gari, wakawakusanya wasichana katika darasa moja, sisi wavulana tukafukuzwa nje. Wasichana walitoka na pakiti moja moja na picha hiyo hiyo, na hakuna aliyetuambia kitu. Elimu yangu yote ilikuwa ya kuchungulia dirishani.

Kwetu, binti akivunja ungo hupelekwa kwa shangazi, akakaa ndani siku kadhaa akifundishwa. Shangazi yetu alikuwa mbali, katika kijiji cha Kazimia, na njia zilikuwa zimefungwa. Basi mchana ule Feza, mdogo wangu wa miaka kumi na mitatu, alipokuja kwangu nyuma ya nyumba amejifunga kitenge mara mbili, nilishikwa na aibu. Nilimchania kitenge cha zamani cha mama, nikampeleka mbele ya picha, nikamsomea kwa sauti ya mwalimu. Nikamwambia afanye kama huyu: mtu asijue.

Aliitazama sana. "Yaya, damu yake iko ya bleu," akasema, maana kwetu kaka mkubwa huitwa Yaya. "Yangu juu ya nini iko nyekundu?"

Sikujua kwa nini. Mkubwa asiyejua hukimbilia hasira, nami nilikimbilia huko. Nikamwambia asiniulize tena mambo ya wanawake. Feza alikuwa mtoto mtiifu. Hakuniuliza tena.

Mwezi uliofuata, suruali ya yule msichana ilikuwa na doa jekundu.

Walioliona kwanza ni akina mama waliokwenda kuchota maji. Mwezi wa pili likaja jingine, na siku chache baadaye la tatu, chini kidogo. Mzee jirani yetu alisema picha inatoka damu kwa ajili ya mabinti waliopanda milimani na hawakurudi. "Hata bale balikufa beko na siku zabo," alisema, akimaanisha siku za hedhi, taratibu, kama mtu anayetoa habari ya mvua. Wanawake wakaanza kupitia nyuma ya kanisa ili kumkwepa yule msichana. Mimi nilipopita nilitazama chini, na bado nilihisi kicheko chake kikinifuata mpaka kona. Hakuna kati yetu aliyesogea karibu.

Kisha Feza akatoweka. Tangu alfajiri hakuwepo, na wenye bunduki walikuwa bado wanapitapita, kwa hiyo nilijua cha kuogopa. Nilimtafuta ufukoni, nikamtafuta katika mihogo. Niliporudi, nilimkuta Shangazi uani. Mtumbwi ulikuwa umemshusha asubuhi ile, na mzigo bado uko kichwani. Akauliza Feza yuko wapi, na niliposema ametoweka, na kwamba amevunja ungo, akauliza tangu lini, na nani alimfundisha. Nikamwambia ukweli.

"Karatasi ndiyo ilimufundisha binti ya kaka yangu?" akasema. "Basi iende pia ikuchotee maji, na ikupikie bugali."

Akaweka mzigo chini, akataka nimwonyeshe huyo mwalimu. Mbele ya picha hakuogopa. Aliweka pua kwenye doa la juu. "Mawese," akasema, yale mafuta mekundu ya michikichi, akaingia dukani kumtafuta aliyeyapaka.

Feza alikuwa amelala nyuma ya meza ya kuuzia, mwili unawaka. Alijificha pale kila mwezi. Vitambaa vyake alivifua kwa siri na kuvibana chini ya mawe, pasipo jua, akavivaa tena vibichi, vinanuka. Aliamini anakufa kwa sababu damu yake ni nyekundu, na alitaka kufa bila mtu kujua, kama nilivyomwagiza.

Kuhusu mawese alisema tu: "Nilitaka afanane na mi."

Muuguzi wa kituo cha afya alimpa dawa, na kwa siku nne hatukujua kama tutabaki naye. Shangazi aliniamuru nifunge kamba uani, panapoonekana barabarani. Alifua vile vitambaa kwa sabuni, akavianika juani. Nikamwambia watu wataona, na wabaya wanaweza kuviiba wamfunge uzazi kwa uchawi. "We ulinde," akasema. "Si we iko kaka yake?" Nikakaa chini ya kamba ile tangu asubuhi, panga mapajani, na waliopita walinisalimu wakitazama pembeni.

Feza alipopata nafuu, nilimtania kwamba ameutisha mji mzima kwa madoa yake matatu.

Hakucheka. "Nilipaka mara mbili tu, Yaya."

Tulikwenda kutazama. Mawili ya juu yalikuwa ya mawese. La tatu lilikuwa gotini, la udongo mwekundu uliokauka, na lilikuwa na vidole. Feza akaweka mkono wake juu yake. Kiganja kile kilikuwa kidogo kuliko chake.

"Basi kuko mutoto mwingine," Shangazi akasema.

Tuliita katika nyumba tupu, moja baada ya nyingine. Tuliacha dirishani mwa duka chakula na vitambaa safi. Kesho yake vitambaa vilikuwa vimechukuliwa. Chakula hakikuguswa. Tuliita tena, siku nyingi. Hatukumwona kamwe.

Mwanangu, matangazo hayakuisha na vita. Yaliingia redioni na nyimbo zake, leo yamo kwenye simu, msichana anacheza, na wengine sasa wanamimina maji mekundu. Sizikatai pakiti, ukiweza kumnunulia dada yako, mnunulie bila haya. Lakini muuzaji anauza pedi, hauzi malezi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilimfundisha mtoto kuficha kitu ambacho si maradhi. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, mshike mkono mwende kwa anayejua. Na ukilijua, liseme wazi, kwa sauti inayofika nje ya mlango, maana wako wanaosikiliza ambao huwaoni.

Mungu akupe watoto wenye maswali, na akupe moyo wa kukaa nao mpaka swali liishe. Na yule ambaye hatukumpata, popote alipo, Mungu ampe naye wa kumwita kwa jina.