Mwana wa Mfalme Aliyeogopa Tope

Kwaru, kwaru, kwaru. Gunzi la muhindi kwenye soli ya kiatu changu. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha miaka yote ya shule, maana jogoo wetu alikuwa mvivu. Baba alikuwa anachuchumaa kibarazani, anakwangua tope la jana, halafu anachomoa majani makavu ya mgomba aliyoyashindilia ndani ya kiatu ili yanyonye maji. Akimaliza anasema, "Viatu hivyo." Basi. Hotuba yake ya upendo iliishia hapo.

Nami nilimdharau, nakiri. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kusoma sikuacha. Nasoma hadithi za falme na majoka kwenye simu mpaka chaji inakata. Humo mna vijana wenye mabawa wanaosimama kileleni na kumwambia binti, sura nzima, jinsi watakavyochoma falme saba kwa ajili yake. Hata ndoo ya maji hawajawahi kumtua. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Mimi nalia kwa raha! Kwenye kaunta buku langu nikaanza kumwandika wa kwangu, mwana wa mfalme wa Mlima Rungwe, mwenye maneno mengi kuliko mvua ya Aprili. Upuuzi mtupu, tena kwa kalamu ya pinki.

Kisha nikampata aliye hai. Alikuwa anauza makava ya simu sokoni Tukuyu, na meseji zake zilikuwa ndefu kama mahubiri. "Malkia wangu, kwa ajili yako nitapigana na joka." Joka gani, Tukuyu hii? Hata chatu sijawahi kumwona. Akataka aje nyumbani kujitambulisha, nikamwahidi jibu Jumamosi. Kusema kweli, ndiyo yangu ilikuwa tayari, na gauni nilishalipiga pasi.

Jumamosi nikatoka kwetu Matwebe na mkungu wa ndizi wa mama, wa kuuza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nyuma ya soko, hatua kumi tu kutoka kibanda chake, nikateleza. Magoti topeni, mkungu kifuani.

"Malkia! Jamani, pole!" akapaza sauti kutoka chini ya mwavuli wake.

"Njoo unishikie huu mkungu!"

Akatazama tope. Akatazama miguu yake. "Mamii, leo nimevaa raba nyeupe."

Mama mmoja muuza parachichi akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe mfalme wako anaogopa tope, mwanangu!" Akaingia yeye na kandambili zake, akanyanyua upande mmoja.

Yule kijana, bila hata haya, akauliza, "Na lile jibu langu?"

"Zitunze hizo raba," nikamwambia. "Kwetu hakuna lami."

Nilirudi nyumbani jioni. Mama alikuwa ameenda kwaya. Baba alikuwa amerudi kutoka kuchuma chai, amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Gambuti zake zilikuwa mlangoni, tope mpaka shingoni.

Nikachukua gunzi. Kazi ngumu ile, sikujua. Tope la kwetu linang'ang'ania kama gundi. Nikashusha majani makavu darini jikoni, nikayashindilia ndani mpaka kwenye vidole, nikazisogeza karibu na moto. Si karibu sana, zisije zikapasuka.